KK, QQ au JJ mkononi, kisha karata kubwa zaidi inatua mezani: uweke dau au upite?

Umepewa kingi mbili, yaani KK (humu A ni ree, K ni kingi, Q ni malkia, J ni jeki, T ni kumi). Umepandisha dau, mtu mmoja kafuata, mgawaji anafunua karata tatu na ya kwanza kuonekana ni ree. Hapo wachezaji wengi wa poka hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaokata tamaa papo hapo na kutupa karata zao kwa dau lolote watakalowekewa, na wapo wasiotaka kuamini kilichotokea, wakaendelea kumwaga chipu mpaka karata ya mwisho. Makundi yote mawili yanapoteza pesa ambayo haikuwa lazima ipotee, na inauma kuona mtu anapewa jozi nzuri halafu anaiharibu hivyo.

Hapa nalinganisha njia mbili zinazobaki: kuweka dau dogo kwenye flopu, yaani zile karata tatu za kwanza za mezani kabla ya ya nne na ya tano, au kupita bila kuweka kitu. Mchezo ninaouzungumzia ni Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau, na mifano yangu ni ya meza ya $1/$2, yaani yenye madau mawili ya lazima, dogo la $1 na kubwa la $2, ile ya chini ambayo utaikuta kwenye baadhi ya kasino za Las Vegas na kwenye tovuti za poka.

Hutokea mara ngapi

| Jozi yako | Uwezekano wa karata kubwa zaidi kutokea kwenye flopu |
|---|---|
| KK | 22.6% |
| QQ | 41.4% |
| JJ | 57.0% |
| TT | 69.5% |

Tazama hapo kwenye JJ. Zaidi ya nusu ya flopu zitakuwa na karata inayoizidi jozi yako. Kwa mwenye JJ, basi, hilo ndilo jambo la kawaida, na anayeketi mezani bila mpango wa kulikabili amekuja kucheza nusu ya mchezo. Kwa mwenye KK hutokea chini ya mara moja kati ya nne, ndiyo maana huwashtua watu wengi zaidi.

Tofauti iliyo muhimu zaidi haimo kwenye jedwali. Kabla ya kuchagua njia, jiulize maswali mawili: ni nani mwenye karata mbovu kuliko zangu atakayelipa dau hili? Na nikipita, aliye nyuma yangu ana karata ngapi za kunipita akionyeshwa moja bure? Majibu ya KK chini ya ree hayafanani hata kidogo na majibu ya JJ chini ya Q, ingawa kwa macho hali hizo mbili ni ileile.

KK, na ree iko mezani

Tuchukue mkono mmoja tuukague taratibu. Una KK, unacheza mwisho. Unapandisha hadi $10, wote wanatupa isipokuwa mwenye dau kubwa la lazima, yeye anafuata. Katikati kuna $21. Flopu ni A♣ 8♦ 3♠. Yeye anapita, zamu ni yako.

Anaweza kuwa na nini? Kama angekuwa na AK, AQ au JJ, tuseme angepandisha tena kabla ya flopu. Anabaki na AJ na AT, kila moja namna 12, yaani michanganyiko 12 ya karata mbili. Anabaki pia na ree ndogo zenye alama moja, yaani zote kopa au zote uru na kadhalika, kuanzia A9 kushuka mpaka A2. Ukiondoa karata ambazo zimeshaonekana, hizo ni namna 22. Ongeza 88 na 33, ambazo zimepata seti, yaani karata tatu za namba moja, namna tatu kila moja. Jumla ya karata zinazokupiga ni namna 52.

Upande wa pili kuna jozi unazozipiga: TT, 99, 77, 66, 55, 44 na 22. Kila moja ina namna sita, jumla 42. Juu yake weka 98 na 87 zenye alama moja, ambazo zimepata jozi ya nane, halafu QJ, JT na nyingine za jinsi hiyo ambazo hazijapata kitu.

Kwa hiyo hujafa. Uko karibu nusu kwa nusu na mtu huyu, na anayetupa KK hapa kwa woga anatupa nusu ya $21 kila inapotokea. Ila angalia zile namna 46 za ree: hakuna hata moja itakayotupwa kwa dau lako, dogo au kubwa. Dau la kwanza litalipwa na ree, na TT, na 99, na nane. La pili litalipwa na ree na baadhi ya hao. La tatu litalipwa na ree peke yake, au na kitu kikubwa zaidi. KK chini ya ree inastahili madau mawili katika mkono mzima, matatu haistahili, na uamuzi wote uliobaki ni kuchagua hayo mawili utayaweka wapi.

*Ukiweka dau dogo*, tuseme $7, yaani theluthi ya kilichopo, unachukua pesa ya TT na 99 mapema kabla karata mbaya haijawatisha. Unaonekana kama una ree pia, kwa kuwa wewe ndiye uliyepandisha mwanzo na AK na AQ ziko kwako zaidi kuliko kwake. Na gharama ya kujua umepigwa ni ndogo. Kasoro yake ni kwamba 22, 44 na 55 nyingi zitatupwa, na hizo ndizo ulizotaka zibaki: kila moja ina karata mbili tu za kuiokoa kati ya 45 zisizojulikana, yaani chini ya 5% kwa karata moja. Umewafukuza watu ambao hawakuwa tishio.

*Ukipita*, hizo zote zinabaki mezani, na kinachotokea kwenye karata ya nne ndicho ninachokipenda. Mwenye 77 au 99 anaona hukuitetea ree, anaanza kuamini jozi yake. Mwenye QJ anaona nafasi ya kupiga mkwara. Mwenye AT naye anaweka dau, ni kweli, lakini huyo angechukua pesa yako kwa njia yoyote ile. Karata ya bure uliyotoa inakugharimu kidogo sana: QJ hata akipata Q au J bado yuko chini ya KK. Hakuna jozi nyingine ya kukupita isipokuwa ree yenyewe, na mwenye ree alishakupita.

Akipita tena kwenye karata ya nne, weka $14 ndani ya ile $21. Akifuata, katikati panakuwa $49, na karata ya tano ikiwa haina madhara unaweza kuweka $25 kama yeye ni mtu wa kufuata kila kitu. Hayo ndiyo madau yako mawili. Ukilinganisha na yule aliyeweka $7 kwenye flopu, akapita karata ya nne, akaweka $20 mwishoni, aliyepita mwanzo ameweka $39 na mwenzake $27, maana dau lake la kwanza lilikuja wakati wapinzani wameshaacha kuiogopa ree.

Programu za kukokotoa kama PioSOLVER, ambazo wachezaji wa kulipwa hujifunzia, mara nyingi huzichanganya njia hizi mbili katika hali ya aina hii, mara dau dogo, mara kupita, kwa sababu faida zake hazipishani sana mpinzani akicheza bila kosa. Hilo lina maana kubwa kwetu. Likiwa suala halina jibu moja dhidi ya mpinzani asiyekosea, basi makosa ya mtu aliyeketi mbele yako ndiyo yanayochagua. Mbele ya mtu anayependa mkwara, pita, umpe kamba. Mbele ya mtu ambaye hajui kutupa jozi yoyote ila yeye mwenyewe hawezi kuanzisha dau, weka $7, maana ukipita atapita nawe mpaka mwisho na utaishia na $21 peke yake.

Mimi binafsi, nikiwa nacheza mwisho na simjui mpinzani, napita.

Ikiwa wewe ndiye unayeanza kusema na yeye ndiye wa mwisho, kupita kunazidi kuwa bora. Ukiweka dau kisha akafuata, hujui lolote na zamu inarudi kwako tena kwenye karata ya nne. Pita, fuata dau lake moja la kiasi, kisha umtazame kwenye karata ya tano atafanya nini.

Yote hayo ni kwa flopu kavu, yaani ambayo karata zake hazifuatani wala hazina alama moja. Flopu ikiwa A♥ 9♥ 8♣, hesabu inageuka: kuna wenye kopa mbili wanaosubiri moja zaidi ikamilishe tano, kuna JT na 76 zinazosubiri mfululizo, yaani karata tano zinazofuatana. Sasa karata ya bure ina bei, na wanaosubiri watalipa dau hata la nusu ya kilichopo. Weka $10 au $11. Lakini hapo angalia kitu kimoja ambacho wengi hawakiangalii: je, moja ya kingi zako ni kopa? Kama unayo K♥, basi KJ na KT za kopa haziko kwa mpinzani, wanaosubiri wamepungua, na haja ya kujilinda imepungua pamoja nao. Na flopu ikiwa kopa tatu tupu zenye ree, K♥ yako inakuwa kubwa kuliko kopa zote zilizobaki: kuna kopa tisa za kukukamilishia, takriban 35% mpaka karata ya tano. Mkono huo hautupwi kwa dau la kwanza.

QQ: ree dhidi ya kingi

Hapa ndipo ulinganisho unaponoga, kwa sababu jozi ni ileile na jibu langu linabadilika kabisa.

Meza za chini, watu hupenda ree kupita kiasi. A2 ya alama tofauti itafuata dau lako la $10, na A6 pia. K2 ya alama tofauti hutupwa na karibu kila mtu. Kwa hiyo ree ikitua kwenye flopu inawakuta wengi zaidi kuliko kingi ikitua. QQ kwenye A♣ 8♦ 3♠ ichezwe kama KK niliyoieleza juu, tena kwa tahadhari zaidi kidogo: aliyekuwa na AK akafuata tu badala ya kupandisha tena ana namna 12 dhidi yako, wakati mwenye KK angemwachia sita, kwa kuwa kingi mbili zingekuwa mkononi mwake. Vilevile KJ sasa ina kingi tatu za kukupita, jambo ambalo mwenye KK hakuwa nalo. Bado napita.

Kwenye K♣ 8♦ 3♠ naweka dau, na sisiti. Fikiria zile A2, A6, AJ zote zilizofuata kabla ya flopu. Hazina kitu, lakini kila moja ina ree tatu za kuipindua QQ yako, karibu 7% kwa karata moja na kama 13% kwa mbili. Ukiwaachia wote hao waone karata bure kila mara, unagawa pesa. Dau la $7 linawatoa wengi wao, na wakati huohuo JJ, TT, 99 na nane zinalipa. Hapo dau dogo linafanya kazi mbili kwa bei moja. Kwenye ree lingefanya moja, tena kwa shida.

Akifuata, simama kidogo kwenye karata ya nne. Ikiwa ni ndogo na haibadilishi kitu, naipita, kisha naweka dau tena kwenye karata ya tano ikiwa naye alipita.

JJ na TT

Hizi mbili zinachezwa karibu sawa. Kinachozitenganisha na KK ni kwamba kuna karata nyingi zinazoweza kuzipita hata baada ya flopu. JJ kwenye Q-7-2, mpinzani mwenye AK hajapata kitu lakini ana karata sita za kumwokoa, karibu robo ya nafasi mpaka karata ya tano. Kumpa hizo bure ni kosa kubwa kuliko kosa lolote la mwenye KK. Kwa hiyo, Q peke yake juu ya JJ: weka nusu ya kilichopo. Kingi peke yake: theluthi. Ree peke yake: pita, ufuate dau moja dogo, basi.

Karata mbili zikizidi jozi yako, A-K-6 au K-Q-5, pita na uiachie kwa dau la kwanza la maana. Sioni sababu ya kulumbana hapo.

Mezani mko wangapi

Ushauri wote wa juu ni wa watu wawili. Ukiwa na KK na flopu ina ree moja, mpinzani mmoja mwenye karata mbili zozote ana 12.5% ya kuwa na ree nyingine. Wakiwa wapinzani wawili ni 23.9%, wakiwa watatu 34.3%. Na hizo ni hesabu za karata za kubahatisha. Watu hawafuati dau kwa karata zozote, wanatupa takataka na kubakiza ree, kwa hiyo uhalisia ni mbaya zaidi. Watatu wamefuata $10 yako na ree imetua: pita. Mmoja akiweka dau na mwingine akafuata mbele yako, tupa KK zako. Wale wanaosema "siwezi kutupa kingi" wanalipa kauli hiyo kwa fedha taslimu, usiku baada ya usiku.

Mliopandishana mara mbili

Mtu alifungua kwa $10, wewe mwenye KK ukapandisha hadi $30, akafuata. Katikati $63, kila mmoja kabakiza $170 kati ya $200 alizoanza nazo. Flopu A♥ 9♣ 4♦, yeye anapita. Hapa nageuka na kuweka dau dogo, $15 hivi, robo ya kilichopo.

Sababu ni kwamba aliyelipa $30 hana A2 wala A6. Ana AQ, pengine AK, labda AJ ya alama moja, na kwa wingi ana QQ, JJ, TT, 88. Wewe una AA na AK zaidi yake, naye anajua. Jozi zake zitalipa $15 mara moja kwa sababu ni bei rahisi, kisha mkapita wote wawili. Ukipita wewe, jozi hizohizo zinaweza zisilipe chochote baadaye, hasa K, Q au J ikitokea. Na kwa kuwa zimebaki takriban $170 dhidi ya $63, madau makubwa mawili yanatosha kumaliza kila kitu, ndiyo maana hapa usikimbilie kiasi kikubwa. Dau la $45 litamfukuza JJ na kumbakiza AQ.

Ukipandishiwa

Turudi kwenye ule mkono wa kwanza. Umeweka $7 kwenye A♣ 8♦ 3♠, naye akapandisha hadi $25. Ukipiga hesabu unaona unalipa $18 ili ushindanie jumla ya $71, kwa hiyo unahitaji kuwa sahihi mara moja kati ya nne tu, na inaonekana rahisi. Lakini hiyo $18 si bei ya mwisho, kuna karata mbili zaidi na atakuwekea tena. Kwenye $1/$2, mtu anayepandisha juu ya flopu kavu yenye ree anayo ree au ana seti, kwa wingi mno. Nafasi ya kupata kingi ya tatu ni 8.4% kwa karata mbili. Tupa.

Dau la karata ya tano ni jambo jingine, maana hapo bei ndiyo ya mwisho. Akiweka nusu ya kilichopo unahitaji 25% ya kuwa mbele, akiweka sawa na kilichopo unahitaji 33%. Ikiwa ulipita kwenye flopu, basi umempa sababu ya kukudhani dhaifu, na mikwara ya watu huanzia hapo. Nusu ya kilichopo naifuata. Ikiwa uliweka dau kwenye flopu, akafuata, kisha karata ya tano akaibuka yeye mwenyewe na dau kubwa baada ya kupita mara mbili, siifuati.

Kwenye mashindano

Ukiwa umebakiwa na chipu zenye thamani ya dau kubwa la lazima mara 15, mambo yanafupika. Umepandisha hadi mara 2.2, akafuata, na pamoja na yale ya lazima katikati pana karibu 6 huku wewe ukiwa na chini ya 13. KK chini ya ree hapo usiitupe kwa dau moja, na usiisukume yote mwenyewe pia. Pita au weka 1.5, ukubali kwamba mara nyingine utaondoka. Isipokuwa wamebaki watu wachache kabla ya malipo kuanza, una rundo la kati, na anayekukabili ana rundo kubwa kuliko lako wakati wengine wawili wamebakiwa na chipu za mzunguko mmoja. Hapo pita kwenye flopu, na akiweka madau mawili mfululizo, zitupe kingi zako uwasubiri hao wawili watoke kwanza.